Skana, Kompyuta Kuukuu na Siasa ya Kusomeka

Swali nililoulizwa ni la kiufundi, nami nitalijibu kihistoria. Wanafunzi watatu wa uzamili wamekuta katika stoo ya idara kompyuta ya Macintosh ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, bado inawaka, na wamekusudia kuirudisha katika kazi iliyonunuliwa kuifanya: kuingiza nyaraka zilizopigwa kwa taipureta, kuzigeuza ziwe maandishi yanayoweza kutafutwa, kisha kuyahifadhi. Wakaniuliza watafute skana ya aina gani, na programu ipi ya kutambua maandishi. Baadhi ya wenzangu walicheka, wakisema kazi hiyo leo hufanywa na simu ya mkononi kwa dakika moja. Mimi naona swali lao lina uzito kuliko linavyoonekana. Anayechagua skana kwa ajili ya kompyuta ya zamani hulazimika kuona kitu ambacho vifaa vya siku hizi hukificha, yaani kwamba mashine ya kusoma haijawahi kusoma kila kitu. Imesoma kile ambacho aliyeilipia alitaka kisomwe.

Wa kwanza kuihitaji mashine hiyo walikuwa vipofu. Mwaka 1913 Edmund Fournier d'Albe, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Birmingham, alibuni kifaa alichokiita optofoni, kilichogeuza umbo la kila herufi iliyochapwa kuwa mlio. Msomaji alipaswa kujifunza milio hiyo kama mtu anavyojifunza lugha ngeni. Mary Jameson, mwanamke kipofu wa Uingereza, alikitumia hadharani mwaka 1918, na mwanzoni alisoma kwa mwendo wa takriban neno moja kwa dakika. Miaka ya baadaye, kwa mazoezi, mwendo wake uliongezeka sana. Hapo mashine haikutambua lolote. Aliyetambua alikuwa Jameson. Baadaye, mwaka 1929, Gustav Tauschek wa Austria alisajili nchini Ujerumani hataza ya mashine iliyolinganisha herufi na violezo, na wazo la kumwondoa binadamu katika kazi ya kutambua likaanza kupata umbo.

Fedha, hata hivyo, haikuja kwa ajili ya vipofu. Ilikuja kwa ajili ya hesabu za biashara. David Shepard, aliyekuwa mtaalamu wa kuvunja misimbo ya siri katika shirika la usalama la majeshi ya Marekani, alijenga mashine ya kusoma mwaka 1951, akaanzisha kampuni, na katikati ya miaka ya 1950 jarida la Reader's Digest likawa miongoni mwa wateja wake wa kwanza. Halikuitumia kusoma hadithi zake. Liliitumia kusoma taarifa za mauzo zilizopigwa kwa taipureta na kuzihamishia kwenye kadi zilizotobolewa. Kampuni za mafuta zikafuata, zikitaka kusoma namba za kadi za mikopo za wateja wao kwenye vituo vya petroli.

Kwa kuwa mashine hizo zilikuwa dhaifu, ufumbuzi uliochaguliwa ulikuwa wa kibabe kidogo: herufi zibadilishwe zimfae msomaji wa chuma. Ndivyo ilivyozaliwa mwaka 1968 aina ya herufi iitwayo OCR-A, yenye maumbo ya kukatakata ambayo jicho la binadamu huyaona kama ya kuchekesha. Mwaka huohuo Adrian Frutiger, mchoraji wa herufi kutoka Uswisi, alikamilisha OCR-B, iliyo laini zaidi. Msomaji mwenye pasipoti aifungue sasa ukurasa wa picha. Ile mistari ya chini, iliyojaa alama za pembe zinazoelekea kushoto, imechapwa kwa OCR-B. Jina lako limeandikwa mara mbili katika ukurasa mmoja, mara moja kwa ajili ya ofisa wa uhamiaji na mara ya pili kwa ajili ya mashine, na foleni ikiwa ndefu, ni ile ya pili inayokuvusha.

Sambamba na herufi kulikuwa na suala la picha. Skana, kwa maana tunayoijua, ilianzia katika Taasisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani mwaka 1957, pale Russell Kirsch na wenzake walipoiingiza katika kompyuta yao ya SEAC picha ya mwanawe mchanga, Walden. Picha hiyo ilikuwa na nukta 176 kwa 176, jumla nukta 30,976, na kila nukta ilikuwa ama nyeusi ama nyeupe. Nataka msomaji aikumbuke namba hiyo, kwa sababu nitairejea tutakapofika kwenye disketi.

Mtu aliyeviunganisha vitu hivi viwili, picha na utambuzi, ni Raymond Kurzweil. Mwaka 1974 alianzisha kampuni kwa lengo la kutengeneza programu itakayosoma chapa ya aina yoyote ya kawaida, si ile iliyochorwa kwa ajili ya mashine peke yake. Mashine yake ilizinduliwa Januari 13, 1976, mbele ya viongozi wa shirikisho la taifa la vipofu la Marekani, ambalo lilishiriki kuijaribu. Ilijaza meza nzima. Uliweka kitabu juu ya kioo, nayo ikakisoma kwa sauti. Bei yake ilihesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na mwanamuziki Stevie Wonder alikuwa miongoni mwa walionunua mapema. Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 1978 ilitoka mashine ya pili, safari hii kwa ajili ya ofisi, na miongoni mwa wateja wake wa mwanzo ilikuwa huduma ya Lexis, iliyohifadhi hukumu na sheria kwa ajili ya mawakili waliolipia kuzitafuta. Mwaka 1980 Kurzweil aliiuza kampuni yake kwa Xerox. Kwa mara nyingine teknolojia iliyoanza na vipofu ilihamia kwa wenye mafaili.

Mwaka huo wa 1974 una maana nyingine kwetu. Ndio mwaka ambao Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali. Wizara ya Fedha ilikuwa imetumia kompyuta tangu mwaka 1965, na vurugu za hesabu zilizotokana na mfumo huo ni miongoni mwa sababu zilizotolewa. Sababu nyingine ilikuwa fedha za kigeni. Ni mtindo siku hizi kuucheka uamuzi huo. Nadhani kicheko hicho ni cha haraka mno. Nchi iliyokuwa ikihesabu kila dola ilikuwa na haki ya kuuliza mashine inamfanyia kazi nani, na wachache wameliuliza swali hilo kwa ukali ule tangu hapo. Ila matokeo yake hayana budi kusemwa pia. Marufuku hayakuondoka kwa siku moja. Yalilegea polepole hadi miaka ya 1990. Katika miongo hiyo skana ilishuka kutoka kuwa kitu cha ukubwa wa meza hadi kuwa kitu cha kuwekwa juu ya meza, na masijala zetu zikaendelea na taipureta, karatasi za kaboni na saiklostaili. Ndiyo maana leo tuna kumbukumbu nyingi za dola zilizo katika nakala ya tatu ya kaboni, juu ya karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, wino wake ukiwa umetawanyika. Programu za kutambua maandishi ziliundwa zikilenga barua safi ya ofisi ya Marekani.

Sasa nirudi kwenye Macintosh ya stoo.

Kifaa cha kwanza cha bei nafuu kwa kompyuta za aina hiyo kilitoka mwishoni mwa mwaka 1984, nacho kiliitwa ThunderScan. Programu yake iliandikwa na Andy Hertzfeld, mmoja wa waundaji wa Macintosh yenyewe. Ulitoa utepe wa wino katika printa ya ImageWriter, ukaweka mahali pake kijicho cha kusomea, kisha ukaipitisha karatasi katika printa kana kwamba unataka kuichapa. Kichwa cha printa kilikwenda na kurudi, mstari baada ya mstari, na baada ya dakika nyingi picha ilikuwa ndani ya kompyuta. Ni ubunifu ninaouheshimu sana. Hata hivyo, wanafunzi wangu wameonywa: karatasi lazima izungushwe kwenye rola. Nakala ya kaboni ya mwaka 1956 haitatoka salama, na rejesta iliyojalidiwa haiwezi kuingia kabisa. Kifaa hicho kilifikiria karatasi moja moja, mpya, ya mtu binafsi.

Mwaka 1987 Hewlett-Packard ilitoa ScanJet, skana ya kioo yenye uwezo wa nukta 300 kwa inchi, na mwaka 1988 kampuni ya Caere ilitoa OmniPage kwa Macintosh, programu iliyodai kusoma chapa za aina nyingi bila kufundishwa kwanza. Hapo ndipo kazi ambayo Xerox iliinunua kwa Kurzweil ilipoingia katika ofisi ya kawaida. Na tazama mzunguko wa mitaji: mwaka 2000 Caere ilinunuliwa na ScanSoft, kampuni ambayo ukoo wake unarudi hadi kwa kampuni ileile ya Kurzweil kupitia Xerox. Mtoto alimmeza mpinzani wake, na soko la kusoma likabaki mikononi mwa wachache zaidi.

Hesabu ndiyo inayoeleza maamuzi ya wakati ule. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni nukta 2,480 kwa 3,508, karibu milioni 8.7. Mlinganishe na Walden na nukta zake 30,976. Kila nukta ikiwa nyeusi au nyeupe tu, ukurasa mmoja ni zaidi ya megabaiti moja kabla ya kubanwa. Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Disketi zilizokuja baadaye kidogo zilibeba kilobaiti 800, kwa hiyo picha ya ukurasa mmoja haikutosha ndani yake. Lakini ukurasa huohuo ukishageuzwa kuwa maandishi ni kilobaiti mbili au tatu. Disketi moja ingebeba kurasa zaidi ya 250. Mbele ya hesabu hiyo, kishawishi cha kuhifadhi maandishi na kuifuta picha kilikuwa kikubwa mno, hasa kwa miradi midogo isiyo na fedha za diski. Picha ikishafutwa, kosa la mashine linakuwa ndiyo hati.

Na makosa yalikuwepo kwa wingi. Programu inayojisifu kwamba ina usahihi wa asilimia 98 inaacha makosa 40 katika ukurasa wenye herufi 2,000. Katibu muhtasi mzuri, aliyepewa ukurasa huohuo na kiti chenye egemeo, angekosea mara chache zaidi, na pengine angemaliza kabla ya mwenzake kumaliza kusahihisha kazi ya mashine. Kwa miaka mingi nyumba za uchapishaji za nchi tajiri zilipeleka maandishi yao yakapigwe upya kwa mikono katika nchi ambako mshahara ni mdogo. Sioni aibu kumwambia mwanafunzi kwamba kwa kurasa mia mbili, chaguo bora linaweza kuwa kumlipa mchapaji vizuri.

Kwa Kiswahili tatizo lina sura yake ya pekee. Tulikuwa na bahati: maandishi yetu ya Kilatini hayana nukta wala vistari juu ya herufi, hivyo mashine iliyotengenezwa kwa Kiingereza iliweza kuyaona yote. Lakini kuona si kutambua. Programu nyingi zilijisaidia kwa kamusi. Zikiwa na shaka kati ya herufi mbili, zilichagua ile inayounda neno linalojulikana, na neno lililojulikana lilikuwa la Kiingereza. Herufi r na n zikisogeleana huonekana kama m, na m nayo huvunjika ikawa r na n. Katika lugha ambayo m huanzisha maneno mengi kiasi hiki, hilo ni janga dogo la kila mstari. Kosa baya zaidi ni lile linalozaa neno halisi. "Karne ya ishirini" inageuka "kame ya ishirini", na hakuna kamusi itakayolalamika, kwa kuwa kame ni neno letu. Herufi h iliyofifia sehemu ya chini hufanana na b iliyofifia, kwa hiyo hati ya nyumba inakuwa bati ya nyumba, na haki inakuwa baki. Mtafiti wa mwaka 2040 atakayeandika "haki" katika kisanduku cha kutafutia hataupata ukurasa huo, wala hatajua kwamba aliukosa.

Kinachosikitisha ni kwamba Kiswahili ni lugha rahisi kukaguliwa. Maneno yake karibu yote huishia na irabu, na herufi c haisimami bila h. Kanuni mbili hizo peke yake zingenasa makosa mengi bila kamusi yoyote, majina ya watu na ya kigeni yakiwekwa kando. Hakuna aliyezihitaji kiasi cha kuzilipia.

Na hapo nimezungumzia Kilatini tu. Kabla ya wamisionari na maofisa elimu, Kiswahili kiliandikwa karne kadhaa kwa hati za Kiarabu, na miswada hiyo ipo Dar es Salaam, Zanzibar, London na kwingineko. Programu za madukani za miaka ya 1990 hazikuwa na la kusema mbele ya tenzi zilizoandikwa kwa mkono. Kwa mashine zile, sehemu hiyo ya fikra zetu ilikuwa picha tupu, madoa juu ya karatasi, wakati risiti ya petroli ya California ilikuwa maandishi kamili.

Nilichowashauri ni hiki. Skana iwe ya kioo bapa, ili karatasi ilale bila kuvutwa, na iwe na muunganisho wa SCSI, ambao mafundi huutamka "skazi", kwa sababu ndio Macintosh za wakati ule zilioutumia. Iwe na namba yake ya utambulisho isiyogongana na ya kifaa kingine kwenye mnyororo, kifaa cha mwisho kiwe na kizuizi chake cha kumalizia, na skana iwashwe kabla ya kompyuta. Kabla ya kulipa, waulize kama diski ya programu inayoiunganisha skana na kompyuta bado ipo. Skana nzuri isiyo na disketi yake ni sanduku lenye taa. Chombo kizuri cha mwaka 1992 hakipungukiwi na kioo wala injini. Kinapungukiwa na ile programu ndogo ambayo mtengenezaji aliacha kuitoa.

Kuhusu utambuzi, wengi watawaambia OmniPage, nami sipingi. Ila kwa mafaili yaliyopigwa na taipureta moja, ofisi moja, miaka kumi mfululizo, ningependelea programu ya kizazi kilichotangulia, ile inayofundishwa herufi moja moja na mtumiaji. Ilikuwepo mojawapo ya Macintosh iliyoitwa Read-It!, na kampuni iliyoitoa, ya Florida, ilijiita Olduvai. Jina hilo ni la bonde letu, ambalo Wamaasai huliita Oldupai. Sikio la mgeni lilikosea herufi moja na kosa likaenea duniani kote. Programu inayofundishwa haina kiburi cha kujua lugha yako. Unaionyesha k iliyovunjika mguu ya mashine ya karani fulani, nayo inaikumbuka k hiyo kwa kurasa zote zinazofuata.

Wapo waliowaelekeza kwenye Tesseract, na kwa kompyuta ya leo ni ushauri mzuri. Ilianzishwa katika maabara ya Hewlett-Packard huko Bristol, ikaendelezwa kati ya mwaka 1985 na 1994, ikafanya vizuri katika majaribio ya chuo kikuu kimoja cha Nevada mwaka 1995, kisha ikafungiwa kabatini miaka kumi. Msimbo wake uliwekwa wazi kwa umma mwaka 2005, na Google ikaanza kuufadhili mwaka uliofuata. Sasa inayo data ya Kiswahili. Ilikuwa tayari inajua kusoma wakati Macintosh yetu ilipokuwa mpya, lakini mwenyewe hakuona faida ya kuitoa.

Lililobaki ni kuyatoa maandishi salama katika mtambo wa zamani, pamoja na picha zake zote. Macintosh za wakati ule zilikata mstari kwa alama tofauti na ya kompyuta nyingine, hivyo faili ikifunguliwa kwingine huweza kuonekana kama mstari mmoja usio na mwisho. Hilo hurekebishwa kwa dakika moja. Lenye hila ni kibainishi. Macintosh ilikipa kile kilichopinda namba 213, na Windows iliipa namba hiyohiyo herufi Õ ya Kireno. Kila ng'ombe, kila ng'ambo na kila ming'oko ikihamishwa bila kutafsiriwa hutokea upande wa pili ikiwa ngÕombe, ngÕambo na mingÕoko. Kwa hiyo, kabla ya kuzima kompyuta na kuirudisha stoo, fungueni kila faili katika mashine mpya na mtafute Õ.